Jioni Ukumbi Ulipomtaja Chui

Nsimire wangu,

Ninaogopa. Nimeliandika neno hilo mwanzo ili nisilizunguke ukurasa mzima, maana unanijua, mimi ni mtu wa kuulizia habari za kuku wakati nyumba inaungua. Ninaogopa toka Jumamosi ya ile jioni ya hadithi, na leo hofu imeongezeka. Kesho nitakaa kando yako kwenye gari la ofisi ya baba yako kwenda uwanja wa ndege wa Kavumu, nitatabasamu, nitakuonyesha mashamba ya chai kana kwamba hujawahi kuyaona. Usidanganyike na hayo meno.

Sitaandika habari za blanketi. Wala dawa ya malaria, wala sanduku lisilofunga vizuri, wala vijana wa chuo huko Lubumbashi. Tantine Faida amekuambia hayo yote, kama shangazi yeyote, mpaka ukaomba huruma, na baba yako ameyarudia akidhani ni mawazo yake mwenyewe. Barua hii uisome asubuhi, peke yako, kabla ya chai, kisha uitie kwenye makaa. Usiniulize neno mbele ya dereva. Ni mtu mzuri, lakini sijui anakunywa pombe na nani.

Nianze na cercle yetu, kile kikundi cha Alhamisi, maana hofu yangu inatoka huko. Umekua ukiniona kila Alhamisi nikitoka kazini na kwenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa parokia. Pale tunakutana walimu, makarani, wauguzi, na mimi mpiga chapa, na tunajifunza jambo moja tu: kusimama mbele ya watu na kusema bila karatasi. Jirani zetu hapa mtaani Ibanda wanatucheka. Wanasema, nchi nzima inajifunza kunyamaza, ninyi mnajifunza kusema? Nilikuwa nawajibu kwamba tunajifunza kusema mambo ya harusi na matanga tu, na kweli ndivyo ilivyokuwa.

Siku yangu ya kwanza nilisimama nieleze jinsi ya kupika sombe, majani ya muhogo. Kitu ninachokipika tangu utotoni! Nikafungua mdomo, hakikutoka hata kisamvu. Watu wakangoja, mimi nikaangalia viatu vyangu, kisha nikakaa. Papa Bisimwa, rais wa cercle, mwalimu yule mwenye sauti ya padri, hakunicheka. Alisema tu, "Merci, Maman. Alhamisi ingine utatupikia." Nilirudi nyumbani nikalia jikoni na wewe ukadhani ni moshi. Ilinichukua muda mrefu kuweza kusema sentensi tatu mfululizo bila magoti kugongana, na hata leo ninapozungumza mbele ya watu huwa nachagua mtu mmoja anayesinzia na kumwambia yeye.

Lakini wazo la jioni ya hadithi lilikuwa langu, na ninataka ujue hivyo. Hotuba zetu zilikuwa zimenichosha. Nilitaka watu waje na watoto wao, wakae kwenye mikeka, wasikie hadithi kama tulivyozisikia kwa wazee wetu. Nilipendekeza Jumapili alasiri, ili kila mtu afike kwake kabla ya giza na askari wa barabarani. Wamama wa parokia wakakataa wote kwa pamoja. Hadithi haisimuliwi jua likiwaka, hilo hata mtoto wa kijijini kwetu Mudaka analijua. Koko wako, mama yangu, alikuwa akisema ni kuita njaa nyumbani. Basi ikawa Jumamosi, baada ya jua kuzama, na mimi nikaanza kukosa usingizi.

Kila hadithi ilibidi ipigwe chapa na kupelekwa ofisi ya zone, kwa wakubwa wa serikali, kugongwa muhuri. Kazi hiyo ilikuwa yangu. Nilipiga ya kwanza, ya sungura, hakuna shida. Ya pili, ya mkwe mlafi, nilicheka peke yangu. Kisha nikafika kwenye uliyoichagua wewe, ile ya koko, ya mama wa mbuzi. Kila asubuhi mama yule anakuta mbuzi mmoja amepungua. Anauliza njia, anauliza kijito, anauliza migomba: nani alipita hapa? Na kila anayeulizwa anajibu: chui.

Vidole vyangu vikasimama juu ya mashine. Mbele yangu ukutani kulikuwa na picha ile ya Rais iliyoko katika kila ofisi ya Zaïre, na kofia iliyo kichwani mwake unajua imeshonwa kwa ngozi ya nani. Watu wanamwita chui katika nyimbo, nasi tunacheza hizo nyimbo. Na hapa mtoto wangu anataka kupanda jukwaani aulize mbele ya watu ni nani amekula mbuzi.

Nikamwondoa chui, nikamweka fisi. Fisi hana ndugu katika ofisi yoyote. Muhuri ukagongwa bila mtu kuinua jicho.

Uligombana nami, unakumbuka. "Maman, katika hadisi anapanda juu ya muti na mbuzi mu mdomo. Fisi anapandaka miti?" Nikakujibu kwamba huyu wetu atapanda, nimempa ruhusa. Ulicheka kwa hasira. Tukafanya mazoezi sebuleni, ukauliza, "Nani alipita hapa?" na kabla hujatia fisi wako baba yako akaitikia kutoka chumbani, "Chui!" Tulicheka wote watatu, nami nikamfokea asituharibie kazi. Nilipaswa kusimamisha kila kitu pale pale. Mtu mzima, amelala chali, hajui hata kwamba anajibu! Lakini nilikuwa nimeshughulika na karatasi yangu yenye muhuri, na nilidhani nikisharekebisha maneno ya msimulizi nimeirekebisha hadithi yote. Nilisahau kwamba hadithi ya kwetu ina sehemu mbili, na sehemu ya pili ni ya wasikilizaji. Hiyo hakuna mtu anayeweza kuipiga chapa.

Jumamosi ilipofika ukumbi ulijaa kupita tulivyofikiri. Watu walikuja hata kutoka mtaa wa Kadutu. Tulifungua kwa animation, zile nyimbo za kumsifu Rais, kama inavyotakiwa, tukaimba, tukacheza, Papa Bisimwa akajitahidi na kiuno chake ambacho Mungu hakukiumba kwa kazi hiyo. Mstari wa mbele alikaa yule mkuu wa propaganda wa zone, amevaa abakosti ya kijivu, mikono imefungwa kifuani. Hadithi ya sungura ikapita, ya mkwe mlafi ikapita. Hakucheka wala hakukunja uso. Mimi nilisimama kando ya jukwaa na kengele ya kukata muda, maana jioni ile nilikuwa mwenye zamu.

Kisha ukatoka wewe, na kitenge changu. Ulianza kwa sauti ya chini, ukawafanya watu wainame kukusikiliza. Mama wa mbuzi akaenda njiani, akauliza, "Njia, nani alipita hapa?"

"Chui!"

Watoto wa mkekani ndio walioanza, na wamama wakafuata. Nilikuona umeshtuka. Ukasema "fisi", nakuapia ulisema, lakini aliyesikia ni mimi tu. Ukaenda kijitoni. Nani alipita hapa? "Chui!" Sasa wakapiga na makofi, na wanaume waliosimama nyuma mlangoni wakaingia katika kuitikia. Hukusema tena fisi. Niliuona uso wako ukibadilika, ukawa uso wa koko kabisa, na katikati ya hofu yangu nilijivuna. Nilijivuna, Nsimire, sijui mtu anawezaje kuwa na vyote viwili katika tumbo moja.

Ukafika kwenye migomba. "Migomba, nani alipita hapa?" Ukumbi ukajibu, ukanyamaza. Na katika ule ukimya ikatoka sauti moja iliyochelewa, nzito, kutoka mstari wa mbele.

"Chui!"

Alikuwa yeye. Mikono yake ilikuwa imefunguka, ameinama mbele, magoti wazi, kama mtoto aliye karibu na moto. Akajisikia. Akaufunga mdomo, akatazama kushoto, akatazama kulia.

Nikapiga kengele. Hadithi ilikuwa bado haijafika uwanjani, kwenye mwisho wake, wanyama walikuwa bado hawajaitwa, nami nikapiga kengele na kusema, "Muda umekwisha, tumushukuru mwenzetu." Watu waliguna. Ulibaki umesimama, mdomo wazi, kisha ukageuza kichwa ukaniangalia. Ulikuwa umeona. Kati ya watu wote mle ndani, mimi peke yangu sikuitikia hata mara moja. Wewe unajua mwisho wa hadithi ile, kwa hiyo unajua mdomo mmoja uliofungwa unamaanisha nini. Njiani hatukusemezana, na toka siku ile umekuwa mpole kwangu kama mtu anayemtunza mgonjwa. Ningependa zaidi ungenigombeza.

Koko wako hakusimulia mbele ya mtu asiyeitikia. Nilikuwa mdogo, alikuja mgeni nyumbani Mudaka, karani fulani kutoka mjini, akakaa nasi jioni. Koko akaanza hadithi, yule mgeni akawa anatazama tu. Koko akaikata, akasema usingizi umemshika. Baadaye nilimuuliza. Akaniambia, "Asiyeitikia anasikiliza kwa ajili ya mtu mwingine." Nililibeba neno hilo miaka yote kama onyo juu ya wengine. Jumamosi ile aliyekuwa anasikiliza kwa ajili ya mtu mwingine nilikuwa mimi. Kila neno lako nililisikia kwa masikio ya ofisi, nikipima lina hatari gani, na nilipofika nyumbani niligundua sikumbuki hata jinsi ulivyosimulia. Watu walinisimamisha sokoni wakanisifia mtoto, nami nikawa nauliza, kwani alifanyaje?

Siku zikapita, hakuja mtu. Hilo ndilo lililonitesa. Yule mkuu angekasirika, ningejua. Mwenye hasira anapiga kelele, anataka pombe ya ndizi, anataka kuombwa msamaha, mambo yanakwisha. Lakini yule alijitisha mwenyewe, na mtu aliyejitisha hujui atamwangukia nani. Papa Bisimwa alifuta mkutano wa Alhamisi kwa sababu ya mvua. Haikunyesha. Sikumcheka, mimi mwenyewe nilikuwa nimeshatafuta sababu yangu.

Sasa nikuambie ya leo. Uliporudi jioni kutoka kwa tantine Faida ulikuta vikombe viwili mezani, ukauliza nani alikuja, nikasema muuza mayai. Uliniangalia. Ni kweli, muuza mayai hapewi kikombe cha wageni.

Alikuja yeye, mkuu wa propaganda. Alasiri, jua bado kali, baba yako kazini. Akabisha kwa upole, akavua kofia, akakaa kwenye kiti cha baba yako.

"Citoyenne, minakuja juu ya hadisi ya mutoto."

Nikasema karibu. Nami nikamwita citoyen, raia, kama amri inavyotaka.

"Hadisi haikuisha. Ulipiga kengele."

"Muda ulikwisha, citoyen."

"Miye pia niko na saa." Akanyoosha mkono nikaiona. "Muda haukukwisha. Minataka uniambie mwisho."

Nilitafuta mlango wa kutokea nikaukuta mmoja tu. Nikamwambia, "Hadisi haisemwaki muchana, citoyen. Unajua vile."

Nilifikiri atacheka, au atakasirika, au ataona aibu aondoke. Akatikisa kichwa taratibu. "Ni kweli," akasema. Akatazama dirishani, jua lilikuwa juu ya ziwa, bado mbali. "Basi nitangojea."

Akangoja, mwanangu. Alikaa pale kofia magotini. Nilichemsha chai nikaimwaga nusu, nikachemsha nyingine. Akauliza kama Papa Nsimire iko ku kazi, nikasema iko. Akauliza juu ya mutoto, nikasema iko ku tantine.

"Anaondoka kesho na ndege," akasema. Hakuuliza.

Nani alimwambia? Mimi nilikuwa nimewaambia watu wa nyumbani tu, na parokia, na jirani, na wauza samaki, yaani nilikuwa nimeuambia mji mzima. Lakini lilipotoka mdomoni mwake nilihisi mtu amelishika sanduku lako kwa mkono. Kila hatua iliyopita nje nilidhani ni yako. Niliomba usirudi. Unajua wangapi wamemlalamikia tantine Faida kwamba hamwachi mgeni aende bila kula na kusikiliza habari za ugonjwa wake wa mgongo? Leo nilimwomba Mungu ampe na mwingine wa magoti.

Na muda wote ule nilikuwa nachagua mnyama. Nikisema fisi, niko salama kwenye karatasi yenye muhuri. Lakini yeye aliyeita chui mbele ya ukumbi mzima atabaki peke yake na neno lake, naye atatafuta wa kumtwika, na wa kwanza ni wewe uliyemtoa neno hilo mdomoni. Nikisema chui, nimelisema mbele ya mkuu wa propaganda ndani ya nyumba yangu. Kama alikuja kunitega, mtego ulikuwa mzuri. Kama hakuja kunitega, basi sijui alikuja kufanya nini, na hilo lilinitisha vilevile.

Jua likazama. Sikuwasha taa, nilisahau.

"Sasa," akasema.

Nikaanza. Sauti ilitoka nyembamba, na hapakuwa na mtu wa kusinzia nimwambie yeye. Nikasema, mama wa mbuzi alichoka kuuliza njia na vijito. Akawaita wanyama wote, wakubwa na wadogo, wakaja kusimama uwanjani kwake. Akawauliza wote kwa mara moja: nani alikula mbuzi wangu?

Nikanyamaza.

Sikunyamaza kwa ujanja, Nsimire, usinipe sifa nisiyostahili. Nilinyamaza kwa sababu hapo ndipo msimulizi ananyamaza. Hapo si pake, ni pa wanaoitikia. Tulikuwa wawili tu ndani ya ile sebule, na mmoja wetu alikuwa anasimulia. Nilipofahamu, nilitaka kuendelea haraka, nimuokoe, nijiokoe, lakini mdomo haukukubali. Yeye akatazama mlango. Akatazama kofia yake. Akakiweka kikombe mezani.

"Chui," akasema. Kwa sauti ya mtu anayeungama.

Basi nikaendelea, maana sasa ilikuwa zamu yangu. Nikasema, wanyama wote walijibu chui, hata waoga, hata panya, isipokuwa mmoja ambaye mdomo wake ulibaki umefungwa. Na huyo alikuwa chui mwenyewe. Nyama ya mbuzi ilikuwa bado mdomoni, angeufungua ingeanguka. Nililisema hilo jina kwa mdomo wangu, Nsimire, waziwazi, mbele yake. Baada ya kulisema nilihisi baridi kwenye meno.

"Na bakamufanya nini?" akauliza.

"Hakuna. Bakamuangalia tu. Bote. Mupaka akameza, akaenda. Toka siku ile chui hatembeaki muchana."

Akasema, "Koko wangu wa kule ku Miti alikuwa anasemaka bakamupiga."

"Ku Mudaka bakamuangalia tu."

"Kuangaliwa iko mubaya kuliko kupigwa." Akasimama, akavaa kofia, akanishukuru kwa chai. Wakati huo hakuniita tena citoyenne. Alifika mlangoni, akageuka. "Maman, mutoto asafiri muzuri. Kesho kuko bakubwa benye banashuka ku Kavumu, tunaenda kubapokea na animation. Miye pia nitakuwa kule."

Akaenda. Ndiyo yote. Nimeyageuza maneno hayo ya mwisho kila upande toka alipotoka, na siwezi kukuambia yana nini ndani. Labda ni mtu aliyemkumbuka koko wake, akashindwa kulala na hadithi isiyokwisha, akaja kuimaliza. Labda alitaka kusikia mwingine akilitamka jina lile ili wawe wawili. Labda usiku huu amekaa anamsimulia mkubwa wake, na mkubwa wake haitikii. Nilimwambia baba yako, akasema nilale, kisha akaenda kukagua kufuli la mlango mara tatu. Tulijadili kukuficha, kukupeleka kesho kutwa, kukupeleka kwa barabara. Tumeona kwamba kubadilisha safari ni kusema tumekosa. Na nafasi yako chuoni haitangoja woga wetu.

Nilipoanza barua hii nilikuwa na neno moja la kukupa: huko Lubumbashi, nyamaza. Soma, sali, rudi. Ndilo nililopewa mimi, na limenitunza, siwezi kulikana. Wako wanawake wa umri wangu wenye midomo mizuri kuliko wangu ambao leo wanapeleka chakula kwenye malango ya magereza, kwa watu wasiojibu. Nimeandika mpaka hapa nikilitafutia neno hilo mahali pa kukaa, na sikuliona. Kila nikitaka kuliandika naona uso wako pale kwenye migomba. Ningekuwa mama mbaya nikikuomba uutupe uso ule, na ningekuwa mwongo nikikuambia hautakupeleka mahali pa hatari. Kwa hiyo sikupi shauri. Nakuambia tu kwamba ninaogopa kwa ajili yako, na kwamba jioni ile ulikuwa mzuri, mzuri sana. Ningepaswa kukuambia Jumamosi njiani, badala ya kuhesabu mashimo ya barabara.

Isipokuwa jambo moja, na hili ni amri, si shauri. Kesho pale Kavumu kutakuwa na kelele, ngoma, watu wa animation na vitenge vyao. Tutapita katikati yao kwenda kwenye ndege. Yeye atakuwa pale, na labda wenzake. Kama ataangalia pembeni, tunapita. Kama atatusalimia, tunamsalimia. Lakini kama mtu, yeyote, atasimama mbele yetu na kuuliza ni nani aliyesimulia ile hadithi ya chui, wewe usifungue mdomo. Najua utataka. Usigeuke kunitafuta, usiweke sanduku chini, tembea mpaka kwenye ngazi, panda, kaa kwenye kiti chako. Baba yako atakuwa nyuma yako.

Mimi nitabaki palepale niliposimama, na nitajibu.

Mama yako